Wanataka Nilie Tu

Jumwa, shoga yangu, sikia haya!

Farhan, prodyusa wangu, ametaka kuninyang'anya uongozaji wa filamu yangu. Hapa Msambweni, kamera zishawekwa, mbele ya watu wote!

Ati, "Dada Tumu, watu wanakupenda ukilia kwenye runinga. Wewe igiza, mwongozaji wangu Mramba ataongoza."

Ukilia! Miaka kumi na mmoja nimelia kwenye tamthilia ile, nikizabwa makofi na waume wa kuigiza. Hadithi hii nimeiandika mimi, Jumwa. Mimi!

Nikamwambia, "Mkataba sijatia sahihi. Naondoka na hadithi yangu."

Akacheka. Alidhani naigiza!

Nikachukua mkoba, nikatoka. Mara Bi Dama, yule muuza samaki niliyempa nafasi kuu, akalivua buibui la kuigizia. "Mimi nilikuja kwa Tumu," akasema. Mpiga picha naye akazima kamera.

Farhan akanikimbilia hadi barabarani. "Dada, rudi tuelewane."

"Tutaelewana kwa maandishi."

Ameandika, Jumwa! Juu ya boneti ya gari, na sahihi ametia: mwongozaji ni Tumu, hakuna mwingine.

Sikulia hata tone.

Haya, nakwenda. Wote wamesimama wananingoja niseme waanze.