Simu ya Dada Imeingiliwa

Nyumbani,
S.L.P. 218,
14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za masiku? Kifua kimepona? Ukikohoa kwenye simu, anayekosa usingizi ni Mama. Sisi miili haijambo. Mioyo ndiyo migonjwa.

Usishangae kupata karatasi zama hizi. Simu ya Dada, mkubwa wetu, imeingiwa na kirusi, na yangu nayo siiamini tena. Mama aliposikia neno kirusi aliuliza kama tukanawe mikono. Tulicheka kidogo. Hatujacheka tena.

Dada alitumiwa ujumbe wa mitindo mipya ya magauni, ya bure. Akabonyeza, akapakua, kila alichoulizwa akakubali. Unamjua, kwa mitindo haambiliki. Simu ikawa ya moto kama pasi, chaji haikai, matangazo ya ajabu yanachomoza yenyewe. Tukasema betri imechoka. Kumbe kirusi kimo ndani kinachambua picha zake, na asubuhi moja kikazituma kwa kila mtu aliyemo kwenye simu ile, pamoja na kiungo kilekile. Waliokibonyeza nao wakaambukizwa, zikasambaa zaidi.

Picha nyingi ni za kola na mikono ya magauni tu. Lakini moja ni ya Mwalimu, yule aliyekufundisha hesabu. Hata mimi ninayetia vifungo pale dukani, chumba hichohicho anamoshonea Dada, sikujua: aliugua, akakatwa titi moja. Hakumwambia mtu ila Dada, ambaye alikuwa akimshonea pamba ndani ya gauni ili kifua kikae sawa. Alimpiga picha kwa ruhusa yake, apate kukadiria vizuri.

Picha iliwafikia wazazi wa wanafunzi kabla ya kengele ya kwanza. Kisha wanafunzi wenyewe.

Mchana Mwalimu akaja dukani. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Dada alipiga magoti palepale kwenye vipande vya kitambaa.

"Si mimi, Mwalimu, naapa si mimi. Ni simu."

"Nilikuvulia nguo wewe peke yako," Mwalimu akasema, akatoka.

Shuleni hajarudi. Dada ameenda kwake mara nyingi, anabisha hodi mpaka majirani wanatoka, na mlango haufunguliwi.

Wateja wamepukutika. Wachache wanaokuja hawataki kupimwa. Wanaleta gauni kuukuu, wanasema shona kama hili, wanaondoka. Dada anashinda mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Chakula tunambembeleza kama mtoto.

Jana fundi simu alifuta kila kitu, akamrudishia huku anatabasamu. "Imekuwa safi kama mpya, dada yangu."

Dada akamuuliza, "Na kwenye simu za watu?"

Fundi akainama, akaanza kupanga bisibisi zake.

Mama anakusalimu sana, na shemeji, na wale mapacha wanaouliza utarudi lini. Msalimie mumeo. Mungu akufunike huko uliko, akustiri wewe na nyumba yako.

Mdogo wangu, namba yako ilikuwamo kwenye simu ya Dada. Ujumbe ukiwa umekufikia, kiungo usikibonyeze, na picha usiifungue. Ifute tu. Sioni lingine tunaloweza kumfanyia Mwalimu.

Ni mimi nikupendaye,
Dada yako wa kati.