Nazi Isiyokamuliwa

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Mbwera. Bibi yako, mke mwenzio, hajambo, na mpunga umechanua. Umeniuliza nilijuaje kuwa ananitaka. Kuandika kwanishinda, ila kuvua, Rufiji yote hakuna kama mimi.

Wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, wanunuzi walikuja na barafu zao wakabeba kamba wote, chambo hakuna. Baba yake akaniambia, "Lete kolekole tule na wageni, ndipo tuzungumze posa."

Kolekole, samaki mkubwa yule, bila kamba anataka samaki mdogo, mkizi aliye hai, kwenye ndoana. Nikaomba chicha jikoni kwao, nikaichanganya na pumba na tope, nikamwaga majini ili kuwaita mkizi. Hakuja hata mmoja. Chicha ilikamuliwa kavu, haina harufu.

Bibi yako akanifuata na nazi iliyokunwa, tui lote lingali ndani.

"Chukua, mbishi wewe. Leo watakula wali mkavu, usio na tui."

"Na baba yako?"

"Atanigombeza mimi."

Mkizi wakaja, maji yakachemka, nikatupa kimia, wavu wangu mdogo, nikamtia mkizi mmoja ndoanani. Kolekole nilimbeba begani, mkia ukiburuzika chini!

Mzee alipoonja wali akauliza, "Nani kapika hivi?"

"Mimi, baba," akajibu, huku ananitazama mimi.

Babu yako, mvuvi.