Ua kwenye glasi ya bwana kilimo

Mwenzangu, nilichoona kwanza ni ua la zambarau kwenye glasi, mezani kwa bwana kilimo. Nilikuwa napita na birika la chai kwenye mkutano wake na wakulima.

Akawaambia wakulima, "Gugu hili ndilo limeziba mfereji. Serikali haina fungu la kung'oa alicholeta mtu. Aliyelileta atalitoa kwa fedha zake."

Wote wakamgeukia mjomba, kisa ana bwawa la samaki.

Mjomba akasema, "Jamani, mimi nafuga samaki, sifugi maua." Wakacheka, ila wamempa siku thelathini.

Siku thelathini, na mgongo wake ule mbovu.

Nikaendelea kumimina chai.

Mjomba hakulileta. Nilililea mimi kwenye beseni, kwa uzuri wake tu. Lilipojaa nikalimwaga mferejini.