Kidonge cha Asubuhi

Mejatto, 9 Septemba 1990

Mwanangu Almina,

Yokwe, mwanangu. U mzima huko Honolulu? Mgongo vipi, bado unauma kwa kupiga pasi mashuka ya hoteli? Sisi huku tupo, tunakwenda hivyo hivyo. Mama yako mkubwa Hemira anakusalimu, ingawa salamu zake nimezisikia mimi tu kwa sababu nimekaa karibu naye. Mashelisheli mwaka huu yamezidi, tumekula tumechoka, mengine tumeyafukia shimoni yachachuke.

Ninakuandikia kwa sababu jambo hili siwezi kulisema kwenye redio ya mawasiliano. Ukishika tu kile kipaza sauti kisiwa kizima kinatega masikio, na kabla hujamaliza kusema watu wameshaanza kukupa pole. Meli ya madaktari ilikuja wiki iliyopita. Tulipanga foleni sote tuliokuwa Rongelap siku ule unga mweupe wa bomu la Wamarekani ulipotuangukia utotoni, tukanyoosha shingo kama kawaida. Safari hii daktari ni kijana mwenye vidole vya baridi. Alinibonyeza koo kama mtu anayechagua shelisheli lililoiva. Akabonyeza tena pale pale, nikajua. Anasema kuna uvimbe kwenye tezi ya shingo, si wa kuchezea, na tezi yote itolewe huko huko Honolulu kabla ya Krismasi.

Nimemwambia hapana. Kabla ya Krismasi! Wewe unajua jepta yetu nzima, kundi letu la mashindano ya nyimbo za Krismasi, inaimba kwa kunifuata mimi. Nyimbo mpya tumeshazitunga, na mazoezi tunafanyia nyuma ya ghala la mbata kwa sababu jepta ya kina Bijinta ina wapelelezi. Juzi tumemkamata mjomba wako, mtu mzima na mvi zake, amejibanza kwenye mikadi. Eti anakojoa! Nikamwambia, "Kojoa basi tukuone." Sasa nikilala hospitali na bandeji shingoni, nani atapandisha sauti ya juu?

Na baada ya hapo? Hemira alikuwa na sauti kunishinda mimi. Walipomkata alibaki na mnong'ono. Akiita mbwa wake, hawageuki. Kufa naogopa, sikufichi mwanangu. Ila kuishi bila kuimba naogopa zaidi.

Mimi mama yako,
Litia


Honolulu, 2 Oktoba 1990

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo nyingi kwako na kwa mama mkubwa. Mimi afya ninayo, ila tangu barua yako ije silali wala sili. Niliisoma nimesimama mlangoni na viatu miguuni.

Mama, unapima kifo na Krismasi? Krismasi inakuja kila mwaka. Na Bijinta akishinda mara moja, anga litadondoka? Mwache ashinde, atambe, ajipambe maua mpaka puani. Sauti ni nini, Mama? Ni pumzi tu inayopita. Mimi nina mama mmoja. Baba yupo kaburini, ndugu sina, na wewe unaniambia unaogopa kutoimba!

Nimefanya jambo na utanikasirikia. Nimekwenda kwenye ofisi ya hao madaktari nikawaambia umekubali. Ndiyo, nimekujibia. Tiketi yako inakuja na jina lako limeandikwa. Ukitaka kunitia aibu, kataa hapo mbele ya watu wote. Ila nakuomba, Mama, nakupigia magoti. Njoo. Nitakuuguza mimi mwenyewe.

Binti yako,
Almina


Mejatto, 17 Februari 1991

Almina,

Natumaini u mzima. Nimefika salama. Asante kwa supu, na kwa zile wiki zote ulizolala sakafuni ili mimi nilale kitandani kwako. Hayo sijayasahau na sitayasahau.

Sasa nikuambie yaliyobaki. Kule ulisema tusubiri, sauti itarudi uvimbe ukipoa. Umepoa. Jumapili ya kwanza tangu nirudi walinipisha mbele kanisani kama zamani. Nikavuta pumzi, nikafungua kinywa, kikatoka kitu kama mlango wenye kutu. Watoto wakacheka. Watoto siwalaumu, hata mimi ningecheka. Bijinta hakucheka. Alilia, Almina. Bijinta, ambaye miaka yote anatamani nipaliwe katikati ya wimbo, alilia kwa ajili yangu, nikatamani ardhi inimeze.

Uliuliza sauti ni nini. Ndiyo hiyo sasa. Ni kile kilichokuwa kikinifanya niitwe Litia. Sasa tumekaa wawili, mimi na Hemira, tunanong'onezana kama wezi. Na kila asubuhi nimeze kidonge kimoja, mpaka siku ya kufa kwangu, badala ya ile tezi. Chupa nimeining'iniza juu ya mkeka wangu. Nikiitazama nakukumbuka, na si kwa wema kila siku.

Usiniandikie kwa sasa.

Mama yako


Honolulu, 20 Juni 1991

Mama,

Hii ni barua ya tatu tangu uniambie nisiandike. Salamu zangu zipokee hata kama hutaki. Watu wa kisiwa cha Ebeye wanaopita hapa nawauliza habari zako, wanasema, "Yupo." Yupo ndiyo nini? Hata jiwe lipo.

Nikasirikie, Mama, haki unayo. Nilikujibia bila ruhusa yako na sina la kujitetea. Lakini tukana basi, niandikie matusi karatasi nzima, nijue mkono wako bado unaandika. Kidonge unameza? Nijibu hilo tu.

Binti yako,
Almina


Mejatto, 11 Agosti 1991

Mwanangu Almina,

Hujambo? Mgongo haujambo? Mimi sijambo, ila huku kuna baridi. Nimekaa juani na blanketi, watoto wananicheka. Wanasema, "Bibi, unapika nini humo ndani?" Sina hata nguvu ya kuwarushia kiatu.

Nachelewa kuandika. Mkono umevimba, ukili haushikiki, mkeka wangu umelala tangu sijui lini. Nywele zinabaki kwenye kitana. Nikianza neno, mwisho wake unapotea. Hasira zimekwisha zenyewe, hata kukasirika kunachosha.

Umeuliza kidonge. Nameza, ila si kizima. Meli ya madaktari haijaja. Ilikuwa ije mwezi ule, haikuja, na huo mwingine haikuja. Kule hospitali ya Ebeye wanasema vidonge vyetu ni vya meli, tuingoje meli. Na chupa ya Hemira ililowa maji ya chumvi kwenye boti, vidonge vikawa uji. Basi tunagawana vyangu. Navikata kwa kisu cha samaki, nusu yake, nusu yangu. Halafu jirani yetu Jiem akaja pia, naye alikatwa shingo kama sisi. Sasa ni vipande vipande. Ningefanyaje? Mtu amekaa mbele yako, anakiona kitu mkononi mwako, wewe utie kinywani peke yako? Tangu lini mtu wa kwetu akala peke yake? Samaki akipatikana mmoja, anafika nyumba zote.

Na mimi sioni kama navihitaji hivyo. Nivimeze ili nifanye nini?

Huku kuna baridi. Sijui kama nimeshakuambia.

Mama yako


Honolulu, 6 Septemba 1991

Mama! Mama!

Nisamehe sianzi na salamu. Nimeibeba barua yako mpaka kwa daktari nikamtafsiria neno kwa neno. Alivua miwani. Anasema hiyo baridi, huo uvimbe, huko kusahau, ni mwili unaozima polepole. Anasema kipande hakimtoshi mtu yeyote, kwamba mnagawana vidonge na mnakufa wote watatu. Samaki akigawanywa kila mtu anapata ladha, Mama. Hiki si samaki!

Nimekimbia maduka ya dawa yote. Wanataka cheti cha daktari, na daktari anasema hawezi kuandika mpaka akuone wewe. Nimelia mbele yao, nimepiga meza, wamemwita askari. Nimewapigia watu wa meli mpaka wanaitambua sauti yangu, wanasema itaondoka karibuni. Sina njia nyingine. Njia pekee ni wewe kumeza vilivyobaki, kimoja kizima, kila asubuhi, peke yako. Najua ninachokuomba. Najua ni nani ninayekuomba umnyime. Mama mkubwa alinilea na yeye, alinibeba mgongoni.

Kuna jingine, sikutaka kulisema. Daktari alipokuwa ananisikiliza alikuwa ananitazama shingo. Akaniambia, "Kaa hapa." Akabonyeza. Mama, na mimi ninao. Mimi sikuwepo siku ya ule unga, lakini nilizaliwa baadaye juu ya ardhi ile ile ya Rongelap na nazi zake nimekula. Wanataka kunikata kabla mwaka haujaisha.

Huku kanisani kwetu mimi ndiye ninayepandisha sauti ya juu. Sikuwahi kukuambia, niliona haya baada ya sauti yako kupotea. Nilikuwa mwepesi wa kusema sauti ni pumzi tu. Sasa najifungia bafuni, naimba, najishika koo, nalia.

Sitaki kukatwa. Nimeshaona kinachofuata. Kama wewe umekatwa na bado unajiachia ufe hapo juani na blanketi lako, mimi nikatwe kwa ajili ya nini? Niambie. Ukinyamaza nitajua jibu lako, na mimi nitakataa kama ulivyokataa wewe.

Almina wako


Mejatto, 3 Desemba 1991

Mwanangu Almina,

Yokwe, mwanangu. Naomba barua hii ikukute hai, mengine tutayajua baadaye. Nimempa Jabwe anayepeleka mbata Ebeye. Yako ilikaa njiani muda mrefu. Niliisoma juani, nikairudia, maana siku zile jambo lilikuwa haliingii mara moja. La shingo yako liliingia mara moja.

Kesho yake asubuhi Hemira alikuja kama kawaida, akakaa, akafungua kiganja. Vilivyobaki vilikuwa vya mtu mmoja. Nikakitoa kimoja, kizima, nikakitia kinywani mwangu akinitazama. Alidhani nimesahau, siku zile nilikuwa nasahau kila kitu. Akanong'ona, "Litia, mkono wangu huu hapa." Nikamwambia, "Nauona." Akaendelea kukaa na kiganja wazi. Jiem yeye alikuja mara moja tu, hakurudi. Hemira alikuja kila asubuhi, mwanangu, na kila asubuhi nilimnyima. Hakunitukana. Siku za mwisho hakuweza kutembea, akawa anamtuma mjukuu wake, na mtoto pia nilimnyima.

Meli imekuja. Walimbeba Hemira kwenye mkeka wangu mwenyewe, ule niliokuwa sijaumaliza, amevimba uso, haamki hata akiitwa. Wamempeleka Ebeye, na Jiem pamoja naye. Kwenye redio wanasema bado amelala. Kila mtu huku ameshasikia. Nikipita, mazungumzo yanakatika. Jana walikuwa wanagawa nyama ya kasa, sahani imepita nyumba zote, ya kwangu ikarukwa.

Mimi baridi imenitoka. Mkono umepungua, unaona mwandiko. Nimesimama, nafua, nina hasira tena, nina njaa. Umeniuliza ukatwe kwa ajili ya nini. Nilimtazama dada yangu machoni nikameza, kwa sababu nilitaka uwe na mtu wa kumwandikia utakapoamka na lile koo la kutu. Sikutaka kitu kingine.

Basi kubali, mwanangu. Safari hii najibu mimi kwa ajili yako, kama ulivyonijibia wewe, na ukitaka kukasirika kasirika ukishapona. Imba Jumapili hii mpaka paa litoke, halafu nenda. Na wakikupa chupa yako, umeze kimoja kila asubuhi, kizima. Akija mtu kukuomba, hata kama ni mimi, mnyime.

Mama yako,
Litia