Nilimwambia Mteja Ampite Kaka Yake, Kumbe Kaka Yake ni Mpenzi Wangu

Mpendwa Mama Celestine, nisaidie haraka kwa sababu Jumamosi si mbali. Mimi natoka Port Victoria lakini naishi Kondele, na jioni huzunguka kwenye baa nikiwasomea watu kadi za bahati, hizi zenye picha za wafalme na mifupa, nilizikuta ndani ya mkoba wa mitumba pale Kibuye nikajifunza kwa simu, na nisikudanganye, kazi kubwa hufanywa na macho, mtu akiwa na alama ya pete kidoleni na pete haipo namwambia naona mwanamke amenuna, basi analia, ananinunulia samaki.

Sasa nina mpenzi, Ondiek, fundi wa injini za boti, mzaliwa wa Usenge, anataka kunioa na mimi nampenda mpaka kikohozi chake, lakini nilishaolewa zamani nikatoka na nguo za mwilini tu, kwa hivyo kila akiniuliza nachanganya kadi namwambia zinasema bado, naye anangoja. Majuzi mwanamume nisiyemjua akaketi mbele yangu kwa baa akasema, "Madam, niangalilie hii maneno. Kuna mtu amekalia barabara yangu, siwezi songa." Nikatoa kadi ya farasi, nikamwambia, "Mzunguke. Usingoje mtu." Akasema, "Yawa, hiyo ndiyo nilikuwa nataka kusikia," akaacha bia nusu akaenda.

Kumbe ni Absalom, mdogo wake Ondiek, nilijua Ondiek aliponionyesha picha yake nikamwaga chai. Ana mke na watoto, lakini walikuwa bado wanaishi kwa boma la baba yake, maana kwa Wajaluo mdogo hatoki kuanzisha boma lake kabla ya mkubwa, na mkubwa hatoki bila mke. Basi Absalom amechukua jogoo na shoka, vile vya desturi ya kuanzisha boma, na mabati, amejenga. Mama yao hali chakula, anasema chira, ile laana ya kuvunja mwiko, itamaliza wajukuu, Ondiek haongei na ndugu yake, na Jumamosi wazee wanakaa, Absalom ameapa atamleta mwenye kadi aliyemshauri. Je, nimwambie Ondiek, ama nihamie Pap Onditi kwa rafiki mpaka yapoe? Naogopa nitampoteza.

Naswa, Kondele

Naswa,

Nilicheka kwanza, halafu nikakasirika. Pap Onditi pia kuna baa, utawaharibia na wao. Umeishi na Wajaluo hawa miaka yote, mwanamume mzima anakuambia njia yake imezibwa, na hukumuuliza hata kama ana kaka? Ajuza yeyote pale Kibuye angeuliza hilo kabla ya kuvuta kiti.

Lakini usijipe sifa sana. Bila shaka Absalom alikuwa ameshanunua mabati, alikuwa anatafuta tu mtu wa kumsingizia. Kosa lako kubwa liko kwingine. Aliyekalia barabara ni nani? Si Ondiek, yeye alikuwa tayari kitambo. Ni wewe. Ukoo mzima umekwama kwa sababu mama mmoja wa Kondele anachanganya makaratasi.

Nakuonea huruma, kweli. Aliyetoka kwenye ndoa na nguo za mwilini ana haki ya kuogopa. Hana haki ya kuuita woga wake bahati na kumngojesha mtu wa watu.

Kwa hivyo sikia. Mwambie Ondiek leo, mchana, akishanawa grisi, kabla hajasikia kwa Absalom. Mwambie yote, hata ile bia nusu. Jumamosi nenda Usenge kwa miguu yako, usingoje kuletwa. Kaa karibu na mama yao akugombeze mpaka achoke, na usijitetee. Ya chira waachie wazee, wanajua namna ya kuitengeneza, na kadi ziache nyumbani.

Kama Ondiek atakusamehe, mimi sijui. Lakini kabla hamjaagana leo hiyo, mpe jibu la swali lake, ndiyo au la, amekungoja vya kutosha. Akikuuliza mbona ulimzungusha hivyo, usitaje farasi wala mfalme. Mwambie uliogopa.