Kikwembe cha Mama Kilitangulia

Jumatatu, tarehe 4
Bado nasema barabara hapana. Siku kumi na tisa za ndoa, halafu nimwone mume wangu Kambale akishushwa kwenye kamio, lori la mizigo, pale njiani Kalengera na watu wenye bunduki? Mama yake anaumwa huko Butembo. Hakuweza kuja arusini, anataka kuniona. Kambale anauza maharagwe, njia hiyo anaijua kona kwa kona. Anasema siku mbili tu. Mimi nataka ndege: saa moja, mkono wake mkononi mwangu. Nampenda mpaka naona aibu. Amekubali.

Jumatano, tarehe 6
Tiketi za Ijumaa. Mzigo kilo kumi na tano kila mtu. Zawadi nzito, sufuria na mablanketi, tumezipeleka mtaa wa Birere kwa rafiki yake Paluku, dereva wa kamio. Kamio imeondoka mchana. Ndipo nikakumbuka: kikwembe cha Mama, kitenge cha mama yake Kambale, kimo ndani ya sufuria kubwa. Kitambaa kile kile cha arusi, kilichokatwa pamoja na changu. Ni mimi bibi arusi ninayepaswa kumfunga mama mkwe kikwembe hicho kiunoni, kwa mikono yangu. Mjinga mimi. Kambale amecheka, akanibusu. Tutakikuta huko.

Ijumaa, tarehe 8
Ndege hakuna. Mvua. Wamesema kesho.

Jumamosi, tarehe 9
Sasa wamesema Jumatatu. Paluku amefika Butembo jana. Salama. Hakuna aliyemgusa njiani. Kambale hali chakula.

Jumatatu, tarehe 11
Mabegi yalikwisha kupimwa uwanjani. Simu ikalia: Masika, dada yake. Mama amefariki alfajiri. Jana alifungua sufuria mwenyewe, akakijua kikwembe, akataka kufungwa. Wakamwambia angoje bibi arusi. Akauliza, "Uyu mutoto anakuya na miguu?" Wote wakacheka, naye akacheka.
Leo Masika amemfunga.
Ndege imesogezwa tena. Kambale akatafuta kamio. Nikasema twende wote.
"Uliogopa, bibi yangu. Baki."
Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Alhamisi, tarehe 14
Kambale amefika. Mama alizikwa jana, yeye akiwa bado njiani, Lubero. Amekuta udongo mbichi.
Kipande changu cha kikwembe kiko mapajani. Bado kinanukia arusi. Paluku atashuka huku kupakia wiki ijayo. Nimemwomba nafasi mbele, karibu naye. Bado naogopa. Mama, kabla mwezi huu haujaisha nitakuja kukusalimia. Nitakuja na barabara.