Ndege Hawachagui Nyimbo

Tk. Tk. Tk. Tk.

Mlio huo haujanitoka masikioni tangu asubuhi. Ni mlio wa deki iliyofika mahali CD ilipokatwa, ikawa inatafuta wimbo ambao haupo tena.

Leo ni Jumapili, Guangzhou. Mvua ilinyesha ikaacha, na joto likarudi palepale kama mgeni aliyesahau mwavuli wake. Nina hasira. Naandika nikiwa nayo, maana nikisubiri itulie nitaanza kujitetea.

Jana nilikuwa Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, na shangazi Zuhura. Yeye ni mfanyabiashara wa Kariakoo, anakuja huku kujaza kontena: midoli, kalamu, madaftari, chochote kinachotoka. Mimi nasoma hapa kwa ufadhili, na Jumamosi nageuka kuwa mdomo wake wa Kichina. Safari hii alikuwa na oda ya wakulima wa mpunga wa Mbarali wanaotaka CD za zamani. Si za kusikiliza. Wanazitundika shambani kwa kamba, zinazunguka na kumetameta, na wale ndege wala mpunga, kweleakwelea, wanaogopa kutua.

Ghorofa ya pili ya jengo moja tulimpata mzee mwenye katoni tatu. Zote za Marekani, karibu zote za blues, na za wanamuziki ambao sijawahi kuyasikia majina yao. Kila CD ina mkato wa msumeno ukingoni, pale wimbo wa mwisho unapokaa. Mzee alinieleza kwamba zilikosa wanunuzi kwao, zikakatwa ili zisiuzwe tena, zikaletwa China kama plastiki ya kuyeyusha. Yeye alikuwa kijana wakati huo. Yeye na wenzake waliziokota kabla hazijafika kwenye moto.

Shangazi akanigusa kwa kiwiko. "Mshushe bei, Profesa. Mwambie ni takataka."

Nikamwambia. Na kwa kuwa Kichina changu ni kizuri na napenda kionekane, nikaongeza ya kwangu. Laoban, nikasema, yaani bosi, hizi ni takataka zilizokatwa, na watu hawa hakuna anayewajua.

Mzee akainua macho. "Mimi nawajua," akasema.

"Anasemaje?" shangazi akauliza.

"Amekubali."

Hivyo ndivyo nilivyotafsiri.

Na kweli hakubishana tena. Wakati tunaondoka alifungua droo, akatoa CD moja, akaniwekea mkononi. Nikadhani ni nyongeza, kama ile ya muuza mchicha.

Asubuhi hii nikaitia kwenye deki ya shangazi, ile anayotazamia filamu za Bongo katika chumba alichopanga. Mwanamke wa kwenye jalada anaitwa Vernelle Tubbs. Amesimama mlangoni mwa duka la dobi, amelibeba gitaa kama mtu anayebeba beseni la nguo. Nyuma ya jalada amewashukuru watu wanne tu, mmoja wao fundi aliyetengeneza gari lililowafikisha studio.

Sauti yake haipandi. Inashuka, na kila inaposhuka gitaa linakuwa limeshatangulia chini kumpokea. Alikuwa anaimba habari za mwanamume aliyeondoka miaka mitatu, kisha akarudi na shati chafu mkononi.

Shangazi hajui Kiingereza zaidi ya tarakimu. Alitoka jikoni mikono imejaa unga wa chapati, akasimama.

"Huyu anamsema mtu."

"Umejuaje?"

"Mimi nimelelewa na taarabu, unaniuliza nimejuaje? Huyo mwanamume hakushiba chakula siku ile."

Tukasikiliza pamoja mpaka wimbo wa mwisho. Gitaa peke yake, polepole. Vernelle akavuta pumzi, tukaisikia kabisa ikiingia.

Tk. Tk. Tk.

"Mbona umemkatiza?" shangazi akafoka.

"Si mimi. Imekatwa."

"Nani kamkata? Mrudishe amalize!"

Nani kamkata. Aliyeshika msumeno simjui, na pengine kwake ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Ninayemtaka ni yule aliyekaa mezani akasema hawa hawajulikani, leteni msumeno. Hawajulikani na nani? Fundi wa gari alimjua Vernelle. Mwenye shati alimjua, tena alimjua vizuri. Mtu anakaa, anavuta pumzi ili aseme neno lake la mwisho, na wewe unalipima kwa kilo kama plastiki?

Lakini hasira hii ina anwani ya karibu zaidi.

Mwezi uliopita niliandika kwenye blogu hii juu ya mhadhiri anayeniita kwa jina la msichana mwingine Mtanzania mpaka leo. Niliandika kwamba kutojulikana si sifa ya mtu, ni uvivu wa wanaomtazama. Mlinipongeza sana. Jana nilisimama mbele ya mzee nikatumia neno lilelile kama jiwe la mizani. Alipojibu, nikalimeza jibu lake.

Nilimwambia shangazi yote. Chapati ikaungua.

"Mimi nilikutuma bei," akasema. "Matusi alikutuma nani? Na mimi ukanifanya kiziwi! Leo umemeza neno la mzee, kesho utameza nini, oda?"

Nikaomba katoni zile zisisafiri.

"Na kweleakwelea? Utakwenda Mbarali kuwafukuza kwa Kichina? Ndege hawachagui nyimbo, mwanangu." Akaigeuza chapati nyingine. "Kontena linafungwa Jumanne. Niletee kitu cha kuwatisha ndege, ndipo uwachukue hao wanamuziki wako."

Nimeenda. Chini kabisa ya ngazi za mzee kuna duka la utepe wa kufungia zawadi, ule wa fedha unaomeremeta na kuvuma upepo ukipita. Posho yangu ya mwezi imekwenda huko. Shangazi ameuvuta utepe, ameutikisa dirishani, kisha amezifuta katoni tatu kwenye orodha yake bila kunitazama. Sasa ziko chini ya kitanda changu bwenini.

Kabla ya kuondoka na utepe nilipanda kwa mzee. Nikamwambia kwa Kichina kilekile kizuri kwamba jana nilisema uongo, na kwamba neno lake sikulifikisha. Hakusema amenisamehe. Aliuliza kitu kimoja.

"Wimbo wa mwisho uliufikia?"

"Umekatwa."

"Hata mimi sijawahi kuusikia," akasema.

Miaka yote hiyo!

Nyuma ya jalada kuna sanduku la posta, la mji ambao hata kwenye ramani nimeutafuta kwa taabu. Huenda Vernelle alishafariki. Huenda sanduku lenyewe sasa ni la mtu mwingine. Mzee alitoa stempu kwenye ile droo yake, nami nikaandika barua palepale mezani pake. Tumeitia barua sandukuni pamoja, mvua ikiwa imekatika. Ina sentensi moja tu: watu watatu hapa Guangzhou wanauliza ulimalizaje.